Kabla hujanunua kreti: pombe kwenye ukumbi wa kukodi Uingereza

Kamati nyingi za harusi huku Uingereza huulizia ukumbi kwa mpangilio uleule: bei, viti, maegesho, jiko lina friji au halina. Pombe hukumbukwa wiki ya mwisho, MC ameshalipwa na kreti zimepangwa gereji kwa mtu. Hapo mara nyingi mmeshachelewa, maana sheria ya England na Wales inahesabu siku za kazi, na inazihesabu kwa ubahili. (Scotland wana sheria yao na fomu yao. Mkiwa Glasgow, haya hayawahusu.)

Kabla ya fomu yoyote, amueni hili: pombe mtaiuza au mtaitoa? Sheria ya Leseni ya 2003 inachogusa ni kuuza. Baba wa bibi harusi akinunua bia na mvinyo kwa fedha zake na kuwakirimu waalikwa bila kudai senti, leseni haihitajiki, hata kama ukumbi ni wa shule. Wageni wakija na chupa zao na hakuna anayetozwa, vilevile. Kinachobaki ni ridhaa ya mwenye ukumbi, na hiyo msiichukulie poa: kumbi za makanisa ya Methodist, kwa mfano, kwa kawaida hazitaki pombe kabisa, iwe ya bure au ya kulipia.

Lakini kuuza kuna sura nyingi, na hapa ndipo wengi wetu hunasa. Tiketi ya pauni 30 yenye chakula na vinywaji viwili ni mauzo. Tokeni za plastiki zinazonunuliwa mlangoni na kubadilishwa baa ni mauzo, hata kama noti haikuvuka kaunta. Sanduku la "changia chochote" kando ya friji, na mhudumu hakupi bia mpaka utumbukize kitu, ni mauzo. Kusema hamtafuti faida hakusaidii: hata kama mnachangisha fedha za kusafirisha mwili wa marehemu nyumbani, bado mmeuza. Vipi kadi za mchango, single na double? Mchango aliotoa mtu miezi miwili kabla kama zawadi kwa maharusi ni kitu kimoja. Kadi inayokaguliwa mlangoni, asiyechanga haingii, na ndani kuna vinywaji, hiyo inafanana mno na tiketi. Kamati yenye kadi za namna hiyo itoe taarifa kwa halmashauri tu, wala isibishane. Ada ni pauni 21.

Taarifa hiyo ndiyo watu wanaiita TEN, kifupi cha Temporary Event Notice, yaani taarifa ya shughuli ya muda. Wengi huizungumzia kama kibali, ila kisheria si ombi: unaiarifu halmashauri kwamba siku fulani, mahali fulani, utauza pombe, na wasipoizuia unaendelea. Mtoaji ni mtu mmoja mwenye miaka 18 au zaidi, si kamati wala chama, na yeye ndiye atakayejibu mambo yakiharibika. Asiwe bwana harusi. Awe mtu atakayekuwepo mpaka taa zizimwe, akiwa na akili zake.

Huenda hata hamuihitaji. Ukumbi wa hoteli au klabu huwa na leseni yake ya jengo, na baa huendeshwa na wenyewe. Muombe meneja akuonyeshe muhtasari wa leseni, ukurasa ule ambao sheria inataka ubandikwe, na usome saa. Leseni nyingine huishia saa 5 usiku kwa pombe. Mkitaka baa iende mpaka saa 7, TEN ndiyo itakayoziba pengo. Kumbi za jamii, za shule na za makanisa mara nyingi hazina leseni yoyote, kwa hiyo hapo baa yenu yote inasimama juu ya TEN.

Sasa mipaka. Watu wasizidi 499 kwa wakati mmoja, na idadi hiyo inahesabu wote waliomo: wapishi, DJ, wapiga picha, watoto, wahudumu wa baa. Shughuli moja isizidi saa 168. Mtu asiye na leseni binafsi ya kuuza pombe anaruhusiwa TEN 5 kwa mwaka wa kalenda. Mwenye leseni hiyo, 50. Mtu mmoja akitoa TEN mbili za jengo lilelile lazima ziachane kwa saa 24, na ujanja wa kuandika ya pili kwa jina la mke au kaka hauendi mbali, maana ndugu wa karibu na washirika wa biashara wanahesabiwa kuwa ni mtu yuleyule.

Mpaka unaoumiza zaidi ni wa jengo lenyewe: TEN 15 kwa mwaka na jumla ya siku 21, bila kujali nani alizitoa. Sherehe ya Jumamosi ikivuka usiku wa manane imekula siku 2. Piga hesabu: ukumbi ambao kila sherehe inavuka saa 6 usiku unamaliza siku zake baada ya sherehe 10 na kubakiza siku 1, wakati TEN bado ziko 5. Ndiyo maana ukumbi unaopendwa unaweza kuwa wazi Novemba kwa bei nzuri lakini hauwezi tena kubeba baa ya kuuza. Muulize anayeshughulikia ukodishaji, kabla ya kulipa amana: mwaka huu zimeshatumika TEN ngapi, na siku ngapi? Akikujibu kwa kubahatisha, afisa wa leseni wa halmashauri ana rejista.

Muda. TEN ya kawaida inapaswa kuwa imepokelewa siku 10 kamili za kazi kabla ya shughuli. Siku ya kupokelewa haihesabiwi, siku ya shughuli haihesabiwi, Jumamosi, Jumapili na sikukuu za kitaifa hazihesabiwi. Chukua harusi ya Jumamosi, 30 Mei 2026. Rudi nyuma: Ijumaa 29 ni ya kwanza, Jumanne 26 ni ya nne, Jumatatu 25 ni sikukuu, unairuka, Ijumaa 22 ni ya tano, na ya kumi inaangukia Ijumaa 15. Taarifa iwe imefika Alhamisi 14 Mei. Aliyehesabu wiki mbili juujuu na kutuma Jumamosi 16 ameshakosa.

Akikosa, ipo TEN ya kuchelewa, siku 5 hadi 9 za kazi kabla. Kwa harusi hiyo, kuanzia 15 hadi 21 Mei. Ada ni ileile, ila ni kamari. Polisi na idara ya afya ya mazingira wana siku 3 za kazi za kupinga. Wakipinga TEN ya kawaida, mnaweza kukubaliana nao, mfano baa ifungwe mapema kwa saa moja, au suala liende kwenye kikao cha halmashauri. Wakipinga ya kuchelewa, yeyote kati yao, imekufa hapohapo: hakuna kikao, hakuna rufaa. Tena asiye na leseni binafsi anaruhusiwa za kuchelewa 2 tu katika zile 5 zake.

Itume kwenye tovuti ya halmashauri ambayo ukumbi upo, si ile unayoishi wewe. Ikienda mtandaoni, wao ndio wanaowapelekea polisi na afya ya mazingira. Ukitumia karatasi, kazi hiyo ni yako, na nakala zote zinatakiwa zifike ndani ya muda. Ya afya ya mazingira ndiyo inayosahaulika.

Kwenye fomu yenyewe, saa ndizo zinazotukosesha sisi tuliokulia saa za Kiswahili. Baa kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 7 usiku inaandikwa 18:00 hadi 01:00, na tarehe ya kumalizia ni Jumapili. Ukiandika Jumamosi hadi Jumamosi, afisa ataona baa inayofungwa kabla haijafunguliwa. Kwenye kipengele cha mahali, taja sehemu mtakayotumia: ukumbi mkuu tu, au na bustani? Wageni wakinunua baa na kunywea nje wakati bustani haikutajwa, mmejitengenezea maswali. Kwenye kipengele cha kunywea hapo au kuondoka nayo, chagua kunywea hapo, isipokuwa kweli mnauza chupa za kubeba.

Jambo moja linalosahaulika kabisa ni mishkaki. Kuuza chakula cha moto au chai kati ya saa 5 usiku na saa 11 alfajiri ni shughuli nyingine inayodhibitiwa na sheria hiyohiyo. Tiki kisanduku chake kwenye fomu, ada haiongezeki. Mkigawa bure, hakuna neno.

Baa inapofunguliwa, vipimo navyo vina sheria. Jini, ramu, vodka na wiski huuzwa kwa toti ya mililita 25 au 35, chagua moja usiku mzima, na kipimo kiwe na muhuri. Kumimina kwa jicho hakuruhusiwi. Mvinyo wa glasi ni mililita 125 au 175. Njia rahisi ni kuuza bia za chupa na makopo na kuachana na toti. Asiuziwe mtu chini ya miaka 18, wala aliyelewa, hata kama ni mjomba wa bwana harusi. Mhudumu aombe kitambulisho kwa yeyote anayeonekana hajafika 25.

Kuuza bila TEN wala leseni kunaweza kuleta kifungo cha hadi miezi 6, faini isiyo na ukomo, au vyote viwili, na mwenye ukumbi aliyeruhusu kwa kujua naye yumo. Polisi wana haki ya kuingia kuangalia wakati shughuli inaendelea. Kwa hiyo TEN ichapishwe na ibandikwe karibu na baa, mahali inaposomeka, si nyuma ya spika za DJ. Kuwa nayo kwenye simu ya mtu aliyekwenda kumpokea shangazi stesheni hakutoshi.