Kuvuka kwenda Oronsay

Ilikuwa Julai, saa 4 asubuhi, viatu mkononi. Mbele yetu kulikuwa na mchanga unaotenganisha Colonsay na Oronsay, visiwa viwili vya magharibi mwa Uskoti. Jedwali la maji lilisema kupwa kabisa ni saa 5:40, ila mkondo wa katikati ulitufika magotini na bado ulikuwa na nguvu.

Kosa lilikuwa langu. Jedwali lilifuata saa za Greenwich, na wakati wa kiangazi Uingereza husogeza saa mbele kwa moja. Kupwa halisi kulikuwa saa 6:40. Kosa la namna hiyo hulowesha suruali tu. La hatari ni kuongeza saa moja kwenye jedwali ambalo tayari limeongezwa: hapo utarudi maji yameshajaa.

Tukakaa juu ya mwamba, tukafungua ramani. Mwenzangu alishikilia kwamba Oronsay ni kisiwa cha Mtakatifu Odhran, mfuasi wa mtawa Columba wa Ireland. Maelezo hayo yanapendwa, tena yana kisingizio, kwani Colonsay kuna Kiloran, yaani Cill Odhrain, kanisa la Odhran. Lakini kwa Kigaeli, lugha ya kale ya wenyeji, kisiwa kile huitwa Orasaigh, na asili yake ni Kinorse, lugha ya Waviking: ørfirisey, kisiwa kinachofikika kwa miguu maji yakipwa. Fjara ni ufuko unaoachwa na maji, ey ni kisiwa. Midomoni mwa Wagaeli f ikapotea (f yao ikilainishwa huandikwa fh na haitamkwi), ey ikawa aigh. Anayesema "kisiwa cha Oronsay" ametaja kisiwa mara mbili.

Kilichomnyamazisha mwenzangu ni ramani yenyewe. Kuna Oronsay nyingine mdomoni mwa Loch Sunart (loch hapa ni mkono wa bahari), nyingine Loch Bracadale kule kisiwani Skye, na Orasaigh kadhaa kwenye visiwa vya Uist. Iceland nako, pale Reykjavík, kuna Örfirisey, ambayo leo imeunganishwa na nchi kavu. Zote ni, au zilikuwa, visiwa vya kupwa na kujaa. Mtakatifu hana kazi hapo. Wagaeli walipotumia maneno yao wenyewe walisema Eilean Tioram, kisiwa kikavu, kama kile chenye ngome Loch Moidart.

Ramani za pwani ile zimejaa maneno ya mabaharia. Rubha ni rasi. Sgeir ni mwamba unaoonekana. Bogha ni uliozama, unaojulikana kwa wimbi linalovunjikia juu yake. Nahodha akiyachanganya hayo mawili, atapasua chombo. Yote mawili ni ya Kinorse, sker na boði, kama sisi tulivyochukua rasi kwa Waarabu.

Saa 5:15 tukajaribu tena, na safari hii maji yaliishia vifundoni. Tulikuwa na bahati ya bamvua, siku ambazo maji hupwa sana. Siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, mkondo ule huenda usikauke kabisa, na jedwali halijui hali ya hewa: shinikizo la hewa likishuka kwa hektopaskali 1, maji hupanda kwa takriban sentimita 1, na upepo wa magharibi huyasukuma zaidi. Tukakubaliana kwamba saa 7:30 tuwe tumeshaanza kurudi, hata kama tutakuwa hatujamaliza kutazama magofu ya nyumba ya watawa.