Ndugu Watatu wa River Road

Wateja wa studio yetu walikuwa na lalamiko moja lililokuwa likirudi kila Jumamosi: "Mbona mmenitoa mweusi hivi?" Makanga wa matatu alilileta, bibi harusi alilileta, na diwani mmoja mstaafu aliyekuja kupiga picha ya kutia fremu alisimama kaunta akaigeuza ile picha huku na huku kama noti anayoishuku. Fundi hakubishana na mtu. Aliingia tena chumba cha giza, na baada ya dakika chache diwani alitoka maji ya kunde, akalipa, akashuka ngazi akipiga mluzi.

Kazi yenyewe haikuwa na miujiza. Picha za siku hizo, zile za nyeusi na nyeupe tulizoosha wenyewe, zilimpa mtu weusi ule ambao fundi ameamua kumpa. Mwanga wa mashine ukikaa juu ya karatasi sekunde chache, uso unatoka mweupe. Ukiuacha ukae, uso unazama mpaka mtu anakuwa mweusi ti, hata kama mamake hamjui hivyo. Ukitaka shavu moja tu ling'ae, unalikinga kwa kiganja, au kwa kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya. Halafu ilikuwepo penseli. Fundi aliichonga mpaka ncha ikawa haionekani vizuri, akapaka kwenye negativu palipo na kovu au mkunjo. Palipopakwa hapapitishi mwanga sawasawa, kwa hiyo kwenye karatasi panatoka peupe. Kwa penseli hiyo ameondoa ndui, ameondoa miaka, na mara moja, kwa ombi la mwenyewe, aliondoa sikio lililong'atwa.

Tulikuwa River Road, Nairobi, orofa ya kwanza, ngazi zikianzia kando ya ofisi ya tiketi za mabasi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na mbele wala nyuma, basi nikawa wa kubadilisha dawa kwenye beseni na kukausha picha. Fundi alikuwa mtu wa Mombasa, wa Mji wa Kale. Aliniita mwanangu hata alipokuwa amenikasirikia, na mimi nilimwita Mzee nikiwa mbele yake.

Agosti 1994 akapanda ngazi kijana mmoja na mamake. Mama alitoka Nyeri, kiondo begani, kitambaa kichwani. Alitaka picha za pasipoti na za viza, maana kijana alikuwa akisoma California na mwaka uliofuata angehitimu. Yeye kijana alikuwa na begi la mgongoni, na tulipokuwa tukiandaa taa akatoa magazeti mawili akayaweka kaunta, bila kuulizwa, kama watu wanavyofanya wakiwa na jambo linalowawasha.

Moja lilikuwa Time la tarehe 27 Juni, jingine Newsweek la wiki hiyo hiyo. Majalada yote mawili yalikuwa na picha moja: O.J. Simpson, aliyewahi kuwa nyota wa kandanda la Kimarekani, alivyopigwa picha na polisi wa Los Angeles tarehe 17 Juni, siku ile alipofukuzwa barabarani huku televisheni zikionyesha kila kona. Alishtakiwa kuwaua aliyekuwa mkewe, Nicole Brown Simpson, na rafiki wa mkewe, Ronald Goldman, usiku wa tarehe 12. Kesi ilikuwa bado hata kuanza.

Lakini kwenye Newsweek alikuwa mtu wa rangi ya kawaida, amechoka, ukuta nyuma yake. Kwenye Time alikuwa mtu wa usiku.

"Umeona, mzee?" kijana akasema. "Wamempaka masizi."

Alisimulia kelele zilizozuka kule. Mhariri wa Time, James Gaines, alikuwa ameeleza kwamba ile ilikuwa kazi ya msanii, Matt Mahurin, na kwamba haikukusudiwa kugusa rangi ya mtu. Kijana hakuyakubali maelezo hayo hata kidogo. Miaka miwili nyuma polisi wa mji huo huo, waliorekodiwa kwenye video wakimpiga dereva mweusi, Rodney King, waliachiliwa na baraza la mahakama lisilokuwa na mtu mweusi hata mmoja, na Los Angeles ikawaka moto. Ile video hata sisi tuliiona Nairobi, kwa sababu televisheni ya KTN ilikuwa ikirusha CNN ya Marekani. Sasa, alisema, kabla ya shahidi wa kwanza kusimama, mtu ameshahukumiwa sokoni.

Fundi hakusema kitu. Alichukua kioo chake cha kukuzia, akainama juu ya Time muda mrefu, akahamia Newsweek, akarudi.

"Pembe zimechomwa," akasema. "Tazama huu ukuta, ulikuwa mweupe, hapa umekuwa moshi. Na kibao cha nambari kimepunguzwa."

Kijana hakuwa ameona hilo la kibao. Kweli, kile kibao ambacho mtuhumiwa huwekewa chini ya kidevu kilikuwa kidogo zaidi kwenye Time.

"Basi ni ubaguzi," kijana akasema.

"Huenda. Mimi nakwambia lililofanyika, sijui la moyoni mwake."

"Mzee, nyinyi huku mambo ya rangi hamyajui. Mpaka mtu akaishi kule."

Hapo nikaona Fundi ameweka kioo chini. Akamwuliza kijana alikuwa na umri gani mwaka 1980. Mtoto wa shule ya msingi. Basi akamsimulia habari za Frank Sundstrom, baharia wa jeshi la majini la Marekani aliyemwua Monica Njeri mjini Mombasa mwaka huo. Jaji alikuwa Mzungu, Leslie Harris, na mwendesha mashtaka Mzungu pia. Akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akaandikishwa dhamana ya shilingi 500 awe na tabia njema miaka miwili, akaenda zake. Magazeti yalichemka, bungeni kukachemka. "Na hayo hayo magazeti," Fundi akasema, "unajua yalimwitaje yule mwanamke? Malaya kwanza, jina baadaye. Alikuwa na watoto, yakhe. Nilikuwa nikiwaona watu wanasoma, wanatikisa kichwa kwa ile shilingi mia tano, halafu wanasema, lakini naye alifuata nini kule."

Kijana akanyamaza. Nadhani hicho ndicho kilichomfanya Fundi aendelee, maana hakuwa mtu wa kumwacha mteja na huzuni. Akasema, haya, tufanye mchezo.

Alilitundika Newsweek kwenye ubao, akafunika maandishi na kile kibao kwa karatasi nyeusi, uso tu ukabaki, akaupiga picha kwa ile kamera kubwa ya kunakilia. Tukaingia chumba cha giza. Nilihesabu sekunde mimi, yeye akitaja. Kutoka negativu moja tukatoa picha tatu: moja nyeupe, moja ya kati, moja tuliyoiacha chini ya mwanga mpaka uso ukaanza kuzama. Tukazikausha, Fundi akazipanga kaunta, na kila aliyeingia akaulizwa: "Hawa ni ndugu watatu. Mmoja yuko korokoroni. Ni yupi?"

"Swali hilo umelipinda," kijana akalalamika. "Unawaambia tayari kuna mhalifu."

"Na gazeti limeuliza vipi?"

Wa kwanza alikuwa makanga, amekuja kuchukua picha za leseni. Hakusita. Akagonga ile nyeusi kwa kidole. "Huyu. Macho yake si mazuri." Macho yalikuwa yale yale mara tatu. Akaja dada wa saluni ya chini, yeye mwenyewe mweusi kuliko picha zote tatu, na akachagua nyeusi, na alipoulizwa sababu akacheka akajifunika mdomo. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Kisii, aliyepanda kwetu kwa sababu tu kulikuwa na benchi, akachagua nyeusi pia, akaongeza kwamba yule wa kati ni mwalimu.

Kijana alianza kutazama chini. Nafikiri alikuwa ametarajia watu wa nyumbani watakuwa tofauti.

Haikuenda hivyo mchana kutwa, na hili nalisema kwa sababu nimewahi kuisimulia hadithi hii mezani nikaona watu wanataka iende hivyo. Mama mmoja mweka hazina wa chama cha wanawake Kariobangi aliigonga ile nyeupe kwa hasira: "Hawa wenye ngozi laini ndio wanaokula pesa za watu." Askari aliyekuwa hana sare siku hiyo akazitazama zote, akasema wote watatu wawekwe ndani kwanza, mambo mengine baadaye. Na fundi cherehani wa orofa ya juu ndiye pekee aliyezigeuzia mwanga wa dirisha, akasogeza miwani, akasema, "Huyu ni mtu mmoja. Kola ni moja."

Jioni Fundi akatoa karatasi nyeusi kwenye kibao, akapiga upya, akachapa ile nyeupe kabisa, safari hii nambari ya polisi ikiwa kifuani. Aliyeingia baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. "Mwizi huyu," wakasema, mmoja baada ya mwingine. Weupe haukumsaidia kitu.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi kuliko linavyostahili pengine. Watu wanapoizungumzia ile picha ya Time wanazungumzia weusi peke yake. Mimi kinachonikaa ni kibao. Nambari kubwa ilikuwa ikimwambia msomaji: hii ni picha ya polisi, imepigwa kituoni, chini ya taa mbaya, mtu akiwa katika saa yake mbaya kuliko zote. Ukiipunguza, polisi wanaanza kutoka kwenye picha. Giza linabaki, na linaonekana ni la kwake mwenyewe, amezaliwa nalo. Msanii hakuhitaji kukusudia ubaya. Diwani wetu hakukusudia kuwatukana weusi alipotaka kutolewa maji ya kunde. Alijua tu, kama ajuavyo kila mtu, upande upi unalipa.

Hukumu ya Simpson ilisomwa tarehe 3 Oktoba 1995, saa nne asubuhi kule, saa mbili usiku kwetu. Hana hatia. Baraza lilikuwa na weusi tisa kati ya kumi na wawili, nalo lilitumia saa zisizofika nne. Ninachokumbuka cha usiku huo ni kamera zilivyokuwa zimeshawekwa tayari: hapa wanafunzi weusi wanaruka kwa shangwe, pale Wazungu wameshika vichwa. Aliyetulia hakuonyeshwa.

Na ilipofika zamu ya kwetu, nilikuwa nimeshaacha studio. Thomas Cholmondeley, kitukuu wa yule mlowezi Delamere ambaye jina lake lilikuwa jina la Kenyatta Avenue enzi za ukoloni, alimpiga risasi Samson ole Sisina, mlinzi wa wanyamapori, mwaka 2005, na kesi ikafutwa kabla ya kusikizwa. Mwaka uliofuata akashtakiwa kwa kifo cha Robert Njoya, mwashi. Mei 2009 Jaji Muga Apondi akamwona na hatia ya kuua bila kukusudia, akampa miezi minane juu ya miaka mitatu aliyokwisha kukaa gereza la Kamiti. Habari nyingi nilizosoma zilianza na ekari za babu na sherehe za walowezi wa Happy Valley, ushahidi ukaja chini huko. Nilikuwa na hasira kama Mkenya yeyote, tena naona nilikuwa na haki nayo. Lakini nikiulizwa leo nieleze sura ya Cholmondeley naweza, urefu wake, suti yake, askari jela walivyomfika begani. Ya Njoya siwezi.

Nirudi River Road. Mama wa kijana alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote huo, kiondo mapajani, akiwatazama wateja kuliko alivyozitazama picha. Ilipokaribia saa kumi na mbili akasema yake bado hazijapigwa. Akapigwa. Tulipomwonyesha ya kwanza ikiwa bado imelowa, akaitazama, akamwita Fundi pembeni, lakini kwa sauti tuliyoisikia sote.

"Baba, nitoe mweupe kidogo."

Kijana akaruka. "Mama! Umekaa hapa mchana kutwa! Hukusikia tulichokuwa tukisema?"

"Nimesikia yote."

"Sasa?"

"Wewe viza ulishapewa. Mimi bado."

Fundi alimtazama kijana, akamtazama mama, akanituma kwenye beseni. Tulichapa za aina mbili: za penseli akapewa mama, zisizoguswa akapewa kijana, na bei ikawa ya aina moja. Ubalozi wa Marekani wakati huo ulikuwa umbali wa kutembea tu, kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, palipo bustani ya ukumbusho leo. Baada ya majuma kadhaa mama akapanda ngazi peke yake, akiwa na ndizi za Fundi ndani ya kiondo. Viza alikuwa amepata. Fundi akamwuliza alipeleka zipi.

"Zangu," akasema, na akataka kujua kama zile za mwanawe zinaweza kurudishwa apunguziwe pesa.