Siku moja ya mwalimu wa afya: wanajua, ila hawajapanga

Saa 1:00 asubuhi. Napitia andalio la somo. Mada ni usingizi. Sikuandika "mwanafunzi aeleze umuhimu wa usingizi", maana umuhimu wake wanaujua tangu wadogo. Nimeandika: "kila mmoja atoke na mpango wake."

Saa 2:00. Nauliza kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala muda gani. Jibu linakuja upesi: saa 8 hadi 10. Nauliza nani alizifikisha jana usiku. Mikono inashuka, vicheko vinaanza. Hapo ndipo somo langu linapoanzia.

Wanatoa shajara za wiki iliyopita: walilala lini, waliamka lini, nini kiliwachelewesha. Binti mmoja anapinga: "Mwalimu, mimi hata simu sishiki. Nakodoa macho tu." Hoja yake ina uzito. Wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele na melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, huchelewa kutoka. Kwa hiyo si uvivu. Namwambia aandike hilo pia, kwa sababu mpango usiojua chanzo cha tatizo ni kupoteza karatasi.

Kisha tunaandika sentensi za "ikiwa… basi…". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 jinsi nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali maalumu inavyotimizwa zaidi kuliko nia tupu. Kijana mmoja anaandika: "Nitalala mapema." Mapema ndiyo saa ngapi? Anafuta: "Ikifika saa 3:30 usiku, basi naiacha simu sebuleni ichaji." Jirani yake anamkumbusha kwamba sebuleni yupo mama, na meseji zitasomwa. Darasa zima linaangua kicheko. Anaongeza maneno mawili: "ikiwa imezimwa." Huo sasa ni mpango.

Saa 4:15, mapumziko. Mwenzangu ananitania kwamba vipindi vyangu ni vya kupiga soga. Namwelewa. Shule hupenda kinachosahihishwa kirahisi, na tarakimu za usingizi ni rahisi kusahihisha kuliko uamuzi. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipoorodhesha stadi 10 za msingi za maisha katika miaka ya 1990, ziliingia humo fikra tunduizi, kufanya uamuzi, kujitambua, kuhimili hisia. Hakuna anayezipata kwa kunakili ubaoni.

Saa 5:00. Darasa jingine, tangazo la sigara za elektroniki. Maswali ni matatu: nani kalilipia, anataka nifanye nini, kipi hakikusemwa? Wanaona rangi na ladha za matunda kwanza. Nikotini wanaikuta chini kabisa, kwa herufi za kusomwa kwa kukaza macho. Picha za mapafu yaliyooza situmii; hofu ya namna hiyo huishia getini.

Linafuata igizo dhima: mmoja anamshawishi mwenzake avute, mwenzake anakataa. Raundi ya kwanza wote wanasema "hapana, asante" kama kasuku, na mshawishi anakubali mara moja. Nani huko nje anakubali hivyo? Namwagiza mshawishi asikate tamaa. "We mtoto nini? Hata fulani anavuta!" Aliyekuwa anakataa anagugumia. Wenzake wanampa njia: rudia bila kueleza, badili mada, ondoka. Anachagua kuondoka, na anaondoka kweli, hadi mlangoni.

Saa 8:00. Kusahihisha. Alama zinakwenda kwenye hatua: umetazama njia zaidi ya moja? Umepima matokeo ya kila moja? Anayefikia uamuzi nisioupenda kwa hoja safi anamshinda aliyeandika ninachotaka kusikia.

Saa 9:30. Wanakuja wenye mipango iliyokwama. Wengi nawarudisha kwenye "ikiwa" yao: muda uliochagua unakufaa? Lakini mmoja ananionyesha shajara: anachelewa kulala kwa sababu anamlea mdogo wake hadi mzazi arudi kutoka kazini usiku. Mbinu zangu za kujisimamia hazina kazi hapo, na kumpa karatasi nyingine kungekuwa kumtwika lawama. Namuuliza kama yuko tayari kuzungumza na mshauri wa wanafunzi nami nikiwepo. Anakubali, kwa sharti kwamba nyumbani pasipigwe simu kabla hajasema mwenyewe. Tumepanga kesho, saa 4:15.