Jumapili ya Kufyeka Uwanja

Oktoba 2010 nilikuwa nasimamia zahanati ya kanisa kandokando ya Mto Zeraf, jimbo la Jonglei, miezi michache kabla ya Sudan Kusini kupiga kura ya kujitenga. Kuiita zahanati ni kuipa heshima. Zilikuwa tukuli chache, yaani vibanda vya msonge vya udongo, hema lililochoka, na mti mkubwa uliokuwa chumba chetu cha kusubiri. Walionituma kutoka Nairobi walinipa masanduku ya dawa za malaria na za kuhara. Nilichokikuta ni kalaazari, nayo mwaka huo ilikuwa imefumuka vibaya.

Ugonjwa huo niliujua tangu nikifanya kazi Baringo. Huletwa na kidudu kidogo kuliko mbu, kinachouma zaidi usiku, na Wanuer wa pale walikuwa wakilala na ng'ombe wao kando ya misitu ya migunga, makao yake hasa. Homa haishuki kwa wiki mbili na zaidi, bandama inajaa tumboni, mwili unakwisha. Asiyetibiwa ni nadra kupona. Dawa yetu ya kawaida ilikuwa sindano mbili kila siku kwa siku 17, na zinauma kwelikweli. Asubuhi watoto walipanga foleni, wa mbele analia, wa nyuma yake ameshaanza kujisugua tako kabla hajaguswa.

Mchungaji alizoea kuwahubiria pale kwenye foleni. Mimi sikulipenda jambo hilo, kwa sababu mtu mwenye homa anayesubiri dawa hana pa kwenda, atasikiliza tu. Nikamwomba ahubiri baada ya sindano, anayetaka abaki. Akakubali shingo upande. Wasikilizaji walipungua, naye hakuacha kunikumbusha.

Basi akaletwa mama mmoja juu ya kitanda cha kamba, amebebwa na shemeji zake. Mimba ya miezi sita hivi. Nilimtoboa kidole, nikaweka tone kwenye kipimo, mistari miwili ikatokea hata kabla muda haujatimia. Bandama ilikuwa imefika kitovuni. Sindano zile za kawaida kwa mjamzito ni hatari, zinaweza kutoa mimba, na pengine kuondoka na mama mwenyewe. Dawa iliyomfaa ilikuwa AmBisome, ya kutundikwa kwenye dripu. Alikuwa na kilo 45, yaani chupa tano kila dozi, dozi sita. Thelathini. Kabatini hapakuwa na hata moja.

Mumewe alituambia waziwazi kwamba kabla ya kuja walimpeleka kwa nabii, wakachinja mbuzi. Mchungaji alikunja uso. Mimi nilishukuru kwamba baada ya mbuzi walikuja.

Dawa ilipatikana Nairobi, ikafika Loki, yaani Lokichoggio, mji wa Kenya karibu na mpaka wa Sudan Kusini, ikakwama hapo. Mashua ya Malakal ilikuwa haina injini. Ndege ndogo ilikuwepo, lakini uwanja wetu ulikuwa kipande cha udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hunata hadi unakuvua viatu. Rubani alikuwa na kanuni yake, akairudia redioni kila nilipomwita: kanyaga kwa kisigino, kikizama siji. Nilikanyaga asubuhi, nikakanyaga jioni. Kisigino kilizama.

Ijumaa mvua ikakatika, Jumamosi jua likawaka. Kulipokucha Jumapili nikamwona mchungaji amevaa gambuti badala ya viatu vyake vya ibada. Kiswahili alikipata kambini Kakuma, akakizungumza kwa sauti ya juu kama mtu anayeita matatu.

"Daktari, leo ibada iko uwanjani. Wewe kuja na panga."

Ngoma za kanisa zilitangulia, watu wakafuata. Nyasi zilinifika kifuani. Wanaume walifyeka, akina mama wakakusanya na kuburuta nje ya mstari. Kazi kubwa zaidi ilikuwa mashimo ya kwato. Ng'ombe hupita pale udongo ukiwa laini, kisha jua likikausha, kila unyayo unabaki shimo gumu la kuvunja gurudumu la mbele. Udongo mweusi haukufaa kuyaziba, kwa hiyo vijana walivunja vichuguu, wakabeba udongo wake kwenye magunia, na wagonjwa walioweza kusimama wakapita wakiukanyagia. Niliwakataza. Hakuna aliyenisikiliza. Mume wa yule mama alichimba bega kwa bega na mchungaji tangu asubuhi, na habari ya mbuzi haikutajwa. Mahubiri yalikuwa mafupi kuliko yote niliyoyasikia pale.

Jumanne kisigino hakikuzama. Ndege ikatua, rubani akakabidhi katoni, akatazama wingu lililokuwa likipanda mashariki, akaondoka bila hata kunywa maji.

Dawa yenyewe ina madaha. Ni unga wa manjano. Unaingiza maji ya sindano, unatikisa chupa kwa nguvu hadi usione hata chembe, unachuja, halafu unachanganya na dripu ya glukosi. Ukiichanganya na ya chumvi, imeharibika. Nilitikisa chupa tano mkono mmoja baada ya mwingine huku jasho likinidondoka, na shemeji mtu kasimama mlangoni akinitazama kwa mashaka. Baada ya dozi ya tatu homa ikashuka. Mama akaomba samaki.

Siku alipomaliza dawa, mimba ikiwa salama, mumewe alikuja akivuta dume jeupe lenye pembe ndefu. Kwa Mnuer hilo si jambo dogo. Nikamweleza kwamba kanuni za shirika zinakataza mfanyakazi kupokea zawadi ya mgonjwa. Mchungaji alimtafsiria kwa kirefu mno, wakacheka wote wawili, kisha akanigeukia.

"Anasema hii si ya kliniki. Ni ya watu walikata nyasi."

Kanuni haikusema lolote kuhusu waliokata nyasi. Nami Jumapili ile nilikuwa na panga mkononi tangu asubuhi. Nilipewa paja.