Sawa na Nini?

Tangu Jumamosi swali moja la shangazi halijanitoka kichwani, nami nimeona heri niliandike, huenda likatulia. Hakuliuliza kwa ukali. Alikuwa ameketi barazani kwake Makunduchi, miguu ameinyoosha, kichwa cha ukili wake, yaani utepe wa kutengenezea mkeka, amekibana kwa kidole gumba cha mguu, na mikono yake haikuacha kusuka hata alipoinua macho akanikuta nikifumua ukili wangu kwa mara ya saba.

"Mwanangu, mbona unafumua tena?"

"Nataka uwe sawa, shangazi."

"Sawa na nini?"

Nilikosa la kusema. Yeye alichovya vidole katika kopo la maji, akaulowesha ukindu wake, akaendelea kusuka kana kwamba ameniuliza tu iwapo nimekunywa chai.

Kazi yangu ni uhasibu. Miaka 14 nimekaa mbele ya vitabu vya hesabu, na huko neno sawa lina maana moja: upande huu ulingane na upande ule hadi senti ya mwisho. Wiki hii wakaguzi wamemaliza kazi na kuondoka bila kutuachia hoja, na posa ya mdogo wangu imejibiwa kwa heri, lakini hata nilipokuwa nikipokea pongezi hizo nilikuwa nikimjibu shangazi moyoni. Sawa na ukili wako, shangazi. Sawa na ile mikeka inayouzwa mjini. Sawa na mstari wa rula. Kila jibu nililolipata usiku liliniishia asubuhi. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba nilitarajia kule kufumua kwangu kutamfurahisha. Nilidhani ataona kuwa mtoto wa kaka yake hakubali kazi ya ovyo, naye aliniuliza kama mtu anayemwona mwenziwe akimwaga maji ya kunywa.

Nieleze kidogo kwa ambaye hajawahi kushika ukindu. Majani ya mkindu huanikwa juani hadi yapauke, kisha huchanwa kwa ukucha au sindano yakawa chane nyembamba, na zile zinazotakiwa rangi huchemshwa katika maji ya rangi. Ukili ni utepe unaosukwa kwa chane hizo, na tepe hizo ndizo zinazoshonwa ubavu kwa ubavu zikawa mkeka au msala. Mimi nimeanzishiwa ukili wa chane 9: chane ya pembeni hupita juu ya mbili na chini ya mbili, kisha hufuata ya upande wa pili, na ndivyo hivyo daima. Ukiangalia mikono ya shangazi utasema hakuna jambo jepesi kuliko hilo.

Ninalolijua sasa, ambalo Jumamosi sikulijua, ni kwamba ukindu hauna kifutio. Chane ikishakunjwa hubaki na alama ya mkunjo hata ukiilowesha vipi. Ukiifumua na kuikunja tena hatua mbili mbele hupata alama ya pili, na kwenye mara ya tano au ya sita nyuzi zake huanza kuachana na hatimaye hukatika. Kwa hiyo ile shibiri ya kwanza, niliyoirudia mara saba ili iwe bora kuliko nyingine zote, ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko zote. Tena nilikuwa navuta kwa nguvu, na mkono wa kulia ukivuta kuliko wa kushoto, mpaka ukili ukapinda kama upinde, na ukili uliopinda haushoneki ukalala vizuri. Kubwa zaidi, nilikuwa nimelowesha mno. Jumatatu jioni niliukuta mezani umekauka, chane zimesinyaa, na katikati ya kila mpishano pamefunguka uwazi ambao siku mbili nyuma haukuwapo. Nilisikitika kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote nyumbani, kwa kuwa kilichoharibika ni utepe usiozidi upana wa vidole viwili.

Jumatano baada ya swala ya isha nilibaki nimeketi juu ya msala ule ule alionisukia shangazi nilipomaliza shule, nikaugeuza. Sijui kwa nini sikuwahi kuugeuza miaka yote hii. Upande wa chini vimejaa vichwa vya chane zilizoongezwa pale za mwanzo zilipokwisha, vingine vimekatwa karibu, vingine vimeachwa virefu kama ncha za kalamu. Nilipourudisha juu na kufuata chane nyekundu kwa kidole, nilifika mahali iliporuka tatu badala ya mbili. Makosa hayo yako mbele, karibu na pale paji langu la uso linapogusa, na sikupata kuyaona hata siku moja. Shangazi aliyaona, naamini hivyo. Jicho lake haliwezi kupitwa. Aliyaona na akaendelea kusuka, kwa sababu mbele yake kulikuwa na msala mzima wa kumaliza na msichana wa kupewa.

Nilichukua chane mpya, nikazilowesha kidogo tu, nikaanza kichwa kingine. Nilisuka mpaka mkono ukalegea wenyewe. Karibu na pima ya kwanza niliona nyuma yangu, kiasi cha shibiri mbili, mahali nilipopitisha chane juu ya moja. Vidole vilikwenda kufumua, na nilivisikia vikienda. Kisha nikavirudisha mbele, nikapitisha juu ya mbili na chini ya mbili, na furaha iliyonijia pale ilikuwa kubwa kuliko ya hesabu yoyote niliyowahi kuifunga. Leo usiku una pima moja na nusu, na umenyooka.

Jumamosi nitaupeleka Makunduchi. Bado sina jibu la swali lake, na sidhani kama analingoja.

Mvua ya vuli imeanza kugonga bati wakati naandika haya, na fundi aliyeahidi kuja Jumanne kuziba ile kona ya chumba cha watoto hajatokea wala hapokei simu. Nimekinga ndoo na kusogeza kitanda cha mdogo, lakini mvua inazidi, na waya wa taa umepita pale pale panapovuja.