Kipande cha Karoti

"Kaka, wa kwangu katimiza miezi sita. Nianze kumpa nini?"

Mdogo wangu aliniandikia hivyo juzi usiku, nami nikamjibu kama mtaalamu: boga, viazi vitamu, chochote kinachopondeka; vijiko viwili vitatu vinatosha kwa kuanzia; chumvi na sukari kaa navyo mbali; asali usimwonjeshe kabla hajafikisha mwaka; na kunyonya kuendelee. Nikazima taa. Ndipo nikakikumbuka kile kipande cha karoti, na usingizi ukaniruka.

Mwanzo wetu na binti yangu haukuwa na kisa. Mama yake alikuwa amerudi kazini, jiko likawa langu. Nachemsha, naponda kwa uma, nalainisha kwa maziwa aliyokamua asubuhi. Siku za mwanzo ulimi wa binti ulikisukuma nje kila nilichomtilia, kisha akajua kumeza, na hapo nikaanza kupunguza kuponda, maana mtoto anayecheleweshewa vibonge huja kuvikataa baadaye. Ile karoti niliichemsha mpaka ikawa inabonyea kwa vidole viwili tu.

Alikuwa amekaa wima, mama yangu yuko pembeni. Akatia kipande kinywani, akatafuna kwa ufizi, halafu akaanza kukokomoa. Ulimi nje, macho yamejaa machozi, uso umemwiva, na sauti ambayo sikujua inaweza kutoka kwenye kifua kidogo namna ile.

"Mtie kidole! Mtie kidole, baba!"

Sikumtia. Muuguzi wa kliniki alishaniambia: anayekohoa na kukokomoa kwa kelele bado anapitisha hewa, mwache akitoe mwenyewe, kidole kitakisukuma ndani zaidi. Wa kuogopa ni aliyenyamaza. Huyo unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, unampiga kati ya mabega mara 5. Basi nikachuchumaa mbele yake, mkono umeshanyooka, nikawa nasikiliza. Mama ananiita majina ambayo hajaniita tangu utotoni. Nami nasikiliza. Kila sauti mbaya iliyomtoka binti niliipokea kwa shukrani, nikiomba itokee nyingine. Sidhani nimewahi kusikiliza kitu chochote namna ile, na nikisema ukweli, sijui kama angenyamaza mkono wangu ungenitii.

Kipande kikaruka mezani. Akakitazama, akakiokota, akakirudisha kinywani.

Mama aliinuka akaenda kukaa nje.

Mimi husema ni kwa kuwa nilielekezwa. Yeye husema ni Mungu tu, na kwamba baba mwenye akili hakai kusikiliza mwanawe akipaliwa. Binti ana miaka tisa sasa, lakini bibi yake akiwepo, karoti za mezani hukatwa na yeye mwenyewe, vidogo vidogo, na mimi siku hizi sibishani naye.