Kampuni Ikinunuliwa, Kanuni za Gemu Yako Zinabaki na Nani?

Ukitunga gemu ya kuigiza ya mezani hapa Nairobi, makanga akiwa shujaa na River Road ikiwa uwanja wa mapambano, unaweza kuijenga juu ya kanuni za Dungeons & Dragons. Ila kanuni hizo zina mwenyewe, na mwenyewe hubadilika. TSR, kampuni iliyoianzisha gemu hiyo, ilinunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1997. Miaka miwili baadaye Hasbro ikainunua Wizards.

Mwaka 2000 Wizards ilitoa leseni huria, OGL (Open Game License), iliyowaruhusu wengine kutumia kanuni hizo, nao wakajenga biashara nzima juu yake. Pathfinder, gemu ya kampuni ya Paizo (2009), ilizaliwa humo. Januari 2023 ikavuja rasimu ya OGL 1.1. Ilidai mrabaha wa asilimia 25 kwa mapato yanayozidi dola 750,000, jambo lililo mbali na mtunzi mdogo. Kilichomgusa kila mtu ni kwamba ilitaka kuliondolea idhini toleo la zamani, 1.0a. Toleo hilo linasema leseni ni ya kudumu, lakini halisemi popote kwamba haiwezi kufutwa, na kifungu chake cha 9 kinaruhusu matumizi ya toleo "lililoidhinishwa". Ni kujenga kwenye ploti ya mtu kwa makubaliano yenye mwanya. Mahakama haikuwahi kuamua kama hoja hiyo ingesimama, na mchapishaji mdogo asingemudu kesi Marekani ili ajue.

Baada ya wachezaji kuja juu, tarehe 27 Januari 2023 Wizards iliiacha 1.0a ibaki kama ilivyokuwa na kuweka SRD 5.1, hati ya kanuni za msingi, chini ya Creative Commons BY 4.0 (CC BY), leseni ya umma inayomruhusu yeyote kutumia kazi mradi amtaje mwenyewe. Leseni hii inatamka wazi kwamba haifutwi, na haimilikiwi na kampuni yoyote ya gemu. Mnunuzi wa kesho anaweza kukunyima toleo lijalo. Lililokwisha kutolewa hawezi kulirudisha. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: jenga juu ya CC BY, achana na OGL kwa kazi mpya.

Sasa kazi yenyewe. Pakua PDF ya SRD uihifadhi pamoja na ukurasa wake wa leseni, kwa sababu viungo vya mtandaoni huhama. Kisha tunga ukiwa na hati hiyo mkononi, si kitabu cha dukani. Hapa ndipo wengi huteleza: SRD 5.1 ina aina 12 za wahusika (class), lakini kila aina ina tawi moja tu (subclass). Usuli wa mhusika (background) ni mmoja, Acolyte, na kipaji (feat) kimoja, Grappler. Takwimu za zimwi Beholder hazimo. Ukizinakili kutoka kitabu kingine, leseni haikukingi.

Tamko la shukrani lililoandikwa ndani ya SRD liweke neno kwa neno, kwa Kiingereza chake, hata kama kitabu chako ni cha Kiswahili. Chini yake eleza kwamba umetafsiri na kubadilisha. Ukilisahau, haki yako inakoma papo hapo. Ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ugundue kosa, inarudi. Jaladani unaruhusiwa kuandika "5E compatible", yaani inaoana na toleo la tano la gemu hiyo. Nembo ya D&D usiiguse, maana CC haitoi alama za biashara.

Usichanganye pia zimwi kutoka kitabu cha OGL na maandishi ya CC. OGL inataka nakala nzima ya leseni na orodha ya hakimiliki za kifungu cha 15.

Kwa upande wako, tenganisha faili mbili. Kanuni ziwe chini ya CC BY, au BY-SA ukitaka atakayezibadilisha na kuzisambaza atumie leseni ileile. Hadithi, wahusika na picha zibaki hakimiliki yako, na mkataba na mchoraji uandikwe kabla kazi haijaenda kwa mpiga chapa. Hakimiliki Kenya huanza yenyewe kazi inapoandikwa, ila kuisajili KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, kunakupa ushahidi. Siku ukipata mnunuzi, atachukua hadithi na picha. Kanuni ulizokwisha kuachilia zitabaki mikononi mwa wachezaji.